AKIBA YA MTOTO KABLA YA MTOTO

Hotuba ya Mtunza Hazina katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, iliyotolewa baada ya kusomwa hesabu za Chama



Nawashukuru kwa kuzikubali hesabu za mwaka. Kwa desturi mtunza hazina akiisha kusoma tarakimu zake huketi, na watu humshukuru kwa kuketi. Leo nimemwomba Bwana Mwenyekiti ruhusa ya kusimama kitambo zaidi, kwa kuwa liko jambo ambalo hesabu hizi hazikulisema, nami sioni vema kulifunga daftari kabla ya kulitamka.

Tazameni ukurasa wa matumizi katika kijitabu mlicho nacho mkononi. Mtaona fedha za sanda na majeneza, fedha za gari la kusafirisha maiti, fedha za chakula cha wafiwa, na fedha za nauli ya wajumbe waliokwenda kuhani. Hamtaona mstari hata mmoja unaomtaja mtoto aliyezaliwa. Na si kwamba mwaka huu hawakuzaliwa watoto katika jamaa zetu. Walizaliwa wengi, twamshukuru Mungu. Ila Chama hakikuwa na habari nao.

Nitawasimulia kisa kimoja, na mwenyewe ameniruhusu nikisimulie pasipo kutaja jina lake. Usiku mmoja mwanachama wetu kijana alibisha mlangoni pangu. Mkewe alikuwa ameshikwa na uchungu tangu alasiri, na wauguzi walikuwa wamesema kwamba huenda akahitaji kupasuliwa. Alitakiwa kulipa fedha ambazo hakuwa nazo. Akaniuliza kama Chama chaweza kumkopesha. Nilikifungua kitabu cha kanuni mbele yake, tukasoma sote wawili kwa mwanga wa taa, na kanuni haikuniruhusu kutoa hata shilingi moja. Nilimpa kidogo kilichokuwa mfukoni mwangu, akaenda zake. Alikopa kwa njia ya simu, na mkopo ulipoiva akauza cherehani ya mkewe kwa bei ya kutupa. Cherehani hiyo ndiyo iliyokuwa ikishona sare za wanafunzi wa mtaa mzima, na ndiyo iliyolipa nusu ya kodi ya chumba chao.

Mtoto alizaliwa mzima, na mama yu mzima. Lakini mtoto yule aliingia katika nyumba iliyokwisha kukatwa mkono mmoja.

Miezi michache baadaye baba mzazi wa kijana huyo huyo akafariki. Siku ya pili asubuhi nilimpelekea fedha za mazishi kamili, kama kanuni isemavyo, na gari tukalikodi siku hiyo hiyo. Alizipokea kwa mikono miwili, akaniambia kwa heshima, “Mzee, nashukuru sana. Lakini naona Chama hiki chanijali zaidi nikiwa na maiti kuliko nikiwa na mtoto.”

Sikuwa na la kumjibu siku ile. Hotuba hii ndiyo jibu langu.

Kwanza, tusiwalaumu waliotutangulia. Vyama vya kusaidiana vya miji yetu, Mombasa, Nairobi, Nakuru na Kisumu, vilianzishwa na watu waliokuja mjini kutafuta kazi na kuwaacha jamaa zao nyumbani. Hofu yao kubwa ilikuwa kufia ugenini na kuzikwa kama mtu asiye na ndugu. Watoto hawakuwa shida ya mjini, kwa sababu wengi wao walizaliwa na kulelewa nyumbani, mikononi mwa nyanya na shangazi, penye shamba na mbuzi na maziwa. Mishahara yenyewe ilipangwa kwa mawazo hayo. Wafanyakazi wa Mombasa walipogoma Januari 1947, moja katika malalamiko yao makubwa lilikuwa kwamba ujira hautoshi maisha ya mji. Na Kamati ya Carpenter, katika taarifa yake ya mwaka 1954 juu ya mishahara ya Waafrika, ilikiri kwamba mshahara wa chini ulipimwa kwa mahitaji ya mwanamume aliye peke yake, ikashauri upandishwe hatua kwa hatua hata uweze kumtunza mtu na jamaa yake. Basi waasisi wa vyama hivi walitengeneza chombo kilichofaa safari yao. Waliweka akiba ya mauti kwa sababu kuzaliwa kulikuwa na watunzaji wengine.

Siku hizi mambo yamegeuka. Kijana huoa mjini, huzaa mjini na kulea mjini. Nyanya yu mbali, au naye yu kazini. Maziwa hununuliwa, maji hununuliwa, na hata mtu wa kumshika mtoto hulipwa. Zamani mtoto wa miaka saba alichunga mbuzi na kusaidia shambani, na mchango wake ulionekana katika ghala. Sasa, na ni vema iwe hivyo, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yamtaka mzazi ampeleke mtoto shule. Karo ya shule za msingi za serikali iliondolewa mwaka 2003, lakini sare, vitabu, chakula cha mchana na nauli havikuondolewa. Watu wenyewe wamelitambua jambo hili bila kuhubiriwa. Uchunguzi wa uzazi uliofanywa Kenya mwaka 1977 na 1978 ulionyesha kwamba mwanamke alitarajiwa kuzaa kiasi cha watoto 8 maishani mwake. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha watoto 3.4. Wazazi wamejifunza kuhesabu watoto. Walilobakiza ni kuhesabu fedha kabla ya watoto.

Najua wako wazee wangu humu wanaosema moyoni, “Kila mtoto huja na sahani yake.” Nami nalisadiki neno hilo. Mungu ndiye mgawaji wa riziki. Lakini hatujapata kumwona mkulima anayesadiki kwamba mvua yatoka kwa Mungu akaacha kulima kabla ya masika. Hulima kwa sababu anasadiki kwamba mvua itakuja. Na anayemngoja mtoto kwa imani, naye alime.

Wako pia wanaosema kwamba ni mkosi kumnunulia mtoto vitu kabla hajazaliwa. Mila hii ina busara yake, maana si kila mimba hufika mwisho, na ni uchungu mkubwa kwa mama kuzitazama nguo za mtoto ambaye hakuja. Basi tusinunue nguo wala kitanda. Tuweke fedha. Fedha iliyo katika akiba haimtaji mtoto kwa jina na haimkumbushi mtu msiba. Mtoto akija itamlea. Asipokuja itawafariji waliobaki, na kumtibu mama.

Wengine watasema, “Je, maskini asizae mpaka atajirike?” La, hasha. Kama wazazi wetu wangengoja utajiri, mimi na wewe tusingekuwa katika ukumbi huu. Sisemi juu ya utajiri, nasema juu ya utayari. Tajiri aweza kushikwa hana utayari, na kibarua aweza kuwa nao. Wala simsuti yeyote ambaye mtoto wake alimtangulia akiba. Huyo kazi yake ni kuanza leo.

Sasa nitaeleza mambo ambayo, kwa maoni yangu, watu wawili wanaokusudia kupata mtoto wayatazame, yapata mwaka mmoja kabla.

Jambo la kwanza ni kuketi pamoja. Nimetunza fedha za watu miaka mingi, na nimeona kwamba nyumba nyingi hazikosi fedha kama zinavyokosa mazungumzo juu ya fedha. Mume hajui mke hupata nini katika biashara yake ya mboga; mke hajui mume anadaiwa na nani. Chukueni daftari la shilingi ishirini. Upande mmoja andikeni yote yanayoingia kwa mwezi, na upande wa pili yote yanayotoka: kodi, chakula, nauli, makaa au gesi, fedha za kupeleka nyumbani, michango, na hata vocha za simu. Fanyeni hivyo kwa miezi mitatu mfululizo, kwa kuwa mwezi mmoja hudanganya. Mtakapokwisha, mtajua ni shilingi ngapi zinazopotea bila mtu kuziita.

Jambo la pili ni madeni. Deni lililokuwapo kabla ya mtoto hukua pamoja na mtoto. Yatazameni hasa haya ya simu, ambayo hupatikana upesi mtu akiwa katika shida. Mkopo mmoja wa namna hiyo ulioanzishwa nchini mwaka 2012 ulitoza ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30. Mtu huona ni kidogo. Lakini anayekopa na kurudia kukopa kila mwezi kwa mwaka mzima atakuwa amelipa asilimia 90 ya fedha alizokopa, na bado deni lenyewe liko pale pale. Kulipa madeni ya namna hii kabla ya mtoto ni akiba, hata kama hakuna senti iliyoingia benki.

Hapa nataka niwageukie wazee wenzangu, na mnisamehe kwa ukweli. Madeni mengine vijana hawakuyafanya, tuliyawafanyia sisi. Twadai mahari ya kutaja mbele za watu. Twataka arusi yenye magari na mahema na wapishi wa kukodiwa, kisha wageni wakiisha kula na kuondoka, maarusi hubaki na deni la miaka miwili. Kabla deni halijaisha twaanza kuwauliza, “Mjukuu yuko wapi?” Mzee anayemtaka mjukuu na apunguze karamu. Yapo mahari yaliyopokewa kidogo kidogo kwa miaka mingi, na hiyo ndiyo iliyokuwa desturi ya wengi katika mababu zetu. Hakuna aliyeharakishwa kumaliza kana kwamba ananunua ng'ombe mnadani.

Jambo la tatu ni hospitali. Watu wengi bado hufikiri kwamba uzazi ni bure kwa kila mtu. Ni kweli kwamba mwezi wa Juni 2013 serikali iliondoa malipo ya uzazi katika hospitali za umma, na baadaye ukaja mpango ulioitwa Linda Mama, ambao mama hakuuchangia. Lakini tarehe 1 Oktoba 2024 Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambayo watu huiita SHA, ilishika mahali pa bima ya zamani ya hospitali, na malezi ya uzazi yakaingizwa katika mfuko unaochangiwa. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake. Asiye na mshahara hupimwa hali ya nyumba yake, na kiwango cha chini kilichowekwa ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani shilingi 3,600 kwa mwaka, na hutakiwa alipe kwa mwaka. Basi kujiandikisha peke yake si kulipa. Nimewaona watu waliojiandikisha, wakafika mlangoni pa wodi, wakaambiwa kwamba jina lipo lakini mchango haupo. Lipeni mapema, na mhakikishe kwa macho yenu kwamba malipo yameingia na kwamba mke au mume ameandikwa katika nyumba ile ile.

Pia nendeni katika hospitali au zahanati mnayokusudia kuitumia, mkaulize inalipiwa nini na haikulipiwa nini. Mama aanze kliniki mapema, mara tu ajuapo kwamba ana mimba. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2016 limeshauri aonwe mara zisizopungua nane. Wengine huona safari hizo ni hasara ya nauli. Lakini upungufu wa damu na ugonjwa wa shinikizo la damu vikigunduliwa kliniki hutibiwa kwa gharama ndogo, na visipogunduliwa hulipiwa usiku, kwa gharama kubwa, na wakati mwingine kwa maisha. Na ndani ya akiba ya hospitali kitengwe kifungu cha gari la usiku, kwa sababu uchungu hauchagui saa ya matatu.

Mjue pia haki yenu. Wako akina mama waliozuiliwa hospitalini baada ya kujifungua kwa sababu ya deni. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua katika kesi ya akina mama wawili wa namna hiyo kwamba kuwazuilia kulivunja haki zao. Hata hivyo nawaomba tusiijenge nyumba juu ya kesi. Afadhali mama atoke kwa sababu amelipiwa, kuliko kutoka kwa sababu ameshitaki.

Jambo la nne ni ile miezi ambayo kinaingia kidogo na kutoka kingi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya miezi mitatu yenye mshahara kamili, na baba wiki mbili. Mwenye mwajiri na azitumie haki hizo. Lakini wanachama wetu wengi hawana mwajiri. Mama anayeuza samaki au mboga hana wa kumpa likizo, na fundi wa jua kali asipopiga nyundo hali. Kwa hao likizo ni ile waliyojiwekea wenyewe.

Niruhusuni niweke tarakimu, maana ndiyo kazi yangu. Chukua mume na mke ambao kwa pamoja waweza kuweka kando shilingi 100 kila siku ya kazi. Kwa siku 26 za kazi ni shilingi 2,600 kwa mwezi. Kwa miezi 12 ni shilingi 31,200. Ikiwa wako katika kiwango cha chini cha SHA, wakatoa shilingi 3,600, wabaki na shilingi 27,600. Wakitenga shilingi 6,600 kwa nauli, vifaa vya kwenda navyo hospitali na dharura, zabaki shilingi 21,000. Nazo zikigawanywa kwa miezi mitatu ambayo mama hafanyi biashara, ni shilingi 7,000 kila mwezi. Huo si utajiri. Lakini ndio unaomtenganisha mama anayepumzika na mama anayerudi sokoni kabla jeraha halijapona. Asiyeweza shilingi 100 na aweke 50; mwisho wa mwaka atakuwa na shilingi 15,600. Na yule ambaye kipato chake hakina siku, leo yuko na kesho hayuko, asijifunge kwa kiasi. Ajifunge kwa fungu: katika kila shilingi kumi ziingiazo, moja ni ya mtoto. Haba na haba hujaza kibaba, lakini kwa sharti kwamba kibaba hakina tundu.

Na tundu ndilo jambo la tano, yaani mahali pa kuweka. Fedha ya mtoto isiwekwe chini ya godoro, kwa kuwa godoro halijui kukataa. Isiwekwe katika mfuko wa simu ule ule mnaonunulia mkate, kwa maana kabla ya mwezi kwisha mtakuwa mmeila bila kuona njaa. Iko Benki ya Posta, ambayo huduma yake ya akiba ilianza katika nchi hii mwaka 1910, na watu wadogo ndio wateja wake tangu hapo. Viko vyama vya akiba na mikopo, vile vinavyoitwa Sacco. Katika hivyo chagueni kilicho na leseni chini ya sheria ya mwaka 2008, wala msivutwe na ahadi za faida kubwa. Popote mtakapoweka, na iwe mahali ambapo kuitoa kwataka safari, na ikiwezekana sahihi mbili.

Jambo la sita ni yale yasiyohitaji fedha, maana kijana huogopa mtoto kwa sababu ya vitu anavyoonyeshwa madukani. Mtoto mchanga mahitaji yake ni machache. Kwa miezi sita ya kwanza maziwa ya mama yanamtosha, bila maji wala uji. Ndiyo shauri la madaktari, nalo halina bei. Kinachohitajika ni mama ale vizuri, kwa hiyo fedha za kopo la maziwa ya unga zinunulie mama maharagwe, mayai, mboga na samaki. Chanjo za watoto katika vituo vya serikali hutolewa bila malipo. Nguo za mtoto wa binamu hazina aibu. Na cheti cha kuzaliwa kikishughulikiwa ndani ya miezi sita huepusha usumbufu wa kuchelewa, ambao wengi wetu twaujua siku ya kumwandikisha mtoto shule.

Na katika hayo yasiyo na gharama kubwa nahesabu pia kupanga nafasi kati ya mtoto na mtoto. Kenya ilianzisha mpango wa taifa wa uzazi wa majira mwaka 1967. Shirika la Afya Duniani hushauri mama apumzike angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine. Wazee wetu walilijua hilo kabla ya mashirika. Mwanamke mwenye mtoto mchanga alitengwa kitanda kwa muda mrefu. Pumziko hilo huupa mwili nguvu, na huupa mfuko wa nyumba muda wa kujaa tena.

Bwana Mwenyekiti, nimesema sana juu ya yanayowapasa vijana. Sasa nitasema juu ya yanayotupasa sisi, kwa maana mzee anayetoa shauri bila kutoa mkono amefanya nusu ya kazi. Naleta mbele ya mkutano huu pendekezo kwamba kanuni za Chama ziongezwe Mfuko wa Uzazi, kwa masharti yafuatayo.

Kwanza, kila mwanachama apendaye afungue akiba ya uzazi katika Chama, apeleke kiasi awezacho kila mwezi, na akiba hiyo isichanganywe na mfuko wa mazishi.

Pili, fedha hizo zitolewe kuanzia mwezi wa saba wa mimba, kwa sahihi ya mume na mke pamoja. Ikiwa mama hana mume, sahihi yake na ya mzazi au ndugu aliyemchagua yatosha, wala asiulizwe maswali ya kumwaibisha.

Tatu, Chama kiwe na kifungu cha dharura ya uzazi, kitakachokopeshwa pasipo riba, kilipwe siku hiyo hiyo moja kwa moja kwa hospitali, na kirudishwe kwa muda wa miezi 12. Ningependa kifungu hiki kianze kwa sehemu ya ziada iliyobaki katika mfuko wa mazishi mwaka huu. Nimezihesabu fedha hizo mara mbili, na nawahakikishia kwamba hakuna maiti atakayekosa sanda kwa sababu hiyo.

Nne, mwanachama ambaye hakujaliwa mtoto arudishiwe akiba yake yote wakati wowote atakapoitaka, pasipo kuulizwa sababu. Wako miongoni mwetu wanaoomba na kungoja miaka mingi. Tusiugeuze mfuko huu kuwa kidole cha kuwanyoshea.

Tano, fedha za mfuko huu zisitumike kwa karamu. Sherehe ya mtoto ni njema, lakini kila mtu aifanye kwa mfuko wake.

Nimeulizwa na mmoja wa wajumbe wa Kamati, “Je, tukitoa fedha za wafu kuwapa wasiozaliwa, hatutakuwa tumewakosea waasisi?” Nimelifikiri swali hilo siku nyingi. Waasisi walichanga kwa sababu waliona jamaa zao wakiaibika mjini kwa jambo ambalo hapana mtu aliyeweza kulikabili peke yake. Siku zao, jambo hilo lilikuwa mauti. Siku zetu, aibu hiyo imefika pia katika mlango wa wodi ya wazazi, saa sita za usiku, na yule aliyesimama pale ni mtoto wa mwanachama wetu. Naamini kwamba wangekuwa hai wangeandika kanuni hii kwa mikono yao.

Kijana niliyemtaja yumo humu ukumbini. Mkewe bado hana cherehani. Kanuni yetu ya zamani haikumfaa, na hii mpya, ikikubaliwa, imekwisha kuchelewa kwake. Lakini ameniambia kwamba akiipata nafasi atakuwa wa kwanza kuweka jina lake katika daftari la mfuko huu, kwa ajili ya mtoto wa pili, ambaye hajakusudiwa bado. Nami nimekwisha kulichora daftari hilo. Liko hapa mezani, mistari imepigwa, na ukurasa wa kwanza ni mtupu.

Bwana Mwenyekiti, kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na kulea huanza kabla ya kuzaa. Nauomba mkutano huu ulipigie kura pendekezo hili leo, wala lisiahirishwe hata mwaka ujao, kwa sababu mimba haziahirishwi.

Mungu awabariki waliozaliwa, awahifadhi mama zao, na awarehemu waliotutangulia.